Njia ya baiskeli inakatika pale pale penye hatari

Chukua ramani ya njia za baiskeli ya kiunga chochote cha mji uitazame vizuri. Mstari wa kijani unatambaa kando ya bustani, unapita nyuma ya shule, unauzunguka uwanja wa mpira, halafu ukikaribia barabara kubwa unatoweka. Ng'ambo yake, mita mia mbili mbele, unaibuka tena kana kwamba hapakuwa na kitu katikati. Katikati hapo kuna njia sita za magari, taa zilizopangiwa muda kwa ajili ya magari, na dereva anayekata kona huku macho yake yako upande yanakotoka magari mengine. Mwenye baiskeli ameachiwa ajitafutie.

Mjadala wa baiskeli viungani umetekwa na hesabu ya kilomita. Halmashauri inatangaza kilomita kadhaa za njia mpya, wanaharakati wanadai ziongezwe, wapinzani wanalalamikia gharama, na wote watatu wanabishania urefu. Urefu hauelezi mengi. Mtu mwenye safari ya kilomita tatu, ambayo ni salama yote isipokuwa mita mia moja, ataamua kuitoa baiskeli au kuiacha stoo kwa kuzifikiria zile mita mia moja. Hakuna mzazi anayemruhusu mtoto aende shule kwa wastani wa usalama wa njia.

Kiunga, tofauti na katikati ya mji, tayari kina sehemu kubwa ya mtandao wa baiskeli bila kujua. Mitaa yake ya makazi ni mipana, haina magari mengi, na mingi haitokei popote: inaishia kwenye duara la kugeuzia magari. Mtoto anaweza kuizunguka mchana kutwa na hakuna mtu atakayepatwa na wasiwasi. Shida ni kwamba kila mtaa unamwaga magari yake kwenye barabara moja ya kukusanya, nayo inayamwaga kwenye barabara kuu, na ni hiyo barabara kuu peke yake inayofika shuleni, dukani, zahanati na kituo cha treni. Mpangilio huo ulienea katika karne ya 20 kwa nia njema kabisa, kuyaondoa magari yapitayo kwenye milango ya watu, na ulifanikiwa. Ila uliyakusanya yote mahali pamoja, kisha ukaweka papo hapo kila kitu ambacho watu hao wanakihitaji.

Kwa hiyo kazi ya kwanza ni kuiunganisha mitaa iliyopo, na mara nyingi inagharimu kidogo kuliko watu wanavyodhani. Nyumba mbili zinazopeana mgongo zinaweza kutenganishwa na ukuta tu, mita sitini hivi, na bado safari ya kutoka mlango mmoja hadi mwingine ikawa kilomita mbili kwa barabara. Uchochoro wa mita tatu unafuta umbali wote huo. Wakazi huupinga kwa sababu ya wezi na vijana wa kukaa vijiweni, na hofu hiyo haifai kubezwa: uchochoro mrefu, wenye kona na kuta ndefu pande zote mbili, unatisha kweli, hasa usiku. Unaofaa ni mfupi, ulionyooka, wenye taa, na mtu akiwa mwanzoni anauona mwisho wake. Jambo jingine ni vizuizi vya chuma vinavyowekwa mlangoni ili kuzuia pikipiki. Vikibanwa sana, vinamzuia pia mama mwenye tela la mtoto nyuma ya baiskeli, mzee mwenye baiskeli ya magurudumu matatu, na mwenye kiti cha magurudumu. Nguzo moja katikati, yenye nafasi ya kama mita moja na nusu kila upande, inazuia gari na haimsumbui mwingine.

Kabla ya kufika kwenye barabara kuu, tuzungumze kuhusu mwendo, maana bila kuugusa huo mengine yote ni mapambo. Nguvu ya gari linapogonga huongezeka kwa mraba wa mwendo. Gari la kilomita 50 kwa saa lina nguvu karibu mara tatu ya gari lile lile likiwa kwenye 30. Mwongozo rasmi wa madereva wa Uingereza unaeleza kuwa gari la maili 20 kwa saa, yaani kama kilomita 32, linahitaji mita 12 kusimama tangu dereva aone hatari; kwa maili 30 linahitaji mita 23, na kwa maili 40 mita 36. Tafsiri yake ni kwamba mtoto akichomoza mita 15 mbele, dereva wa kwanza anasimama na kumfokea, na wa pili anamgonga akiwa bado ana mwendo. Tofauti yao wala si umakini. Mawaziri wa nchi nyingi walipokutana Stockholm mwaka 2020 walikubaliana kuwa mahali ambapo watu na magari huchanganyika, kikomo kiwe kilomita 30 kwa saa. Helsinki, mji mkuu wa Finland, ambako zaidi ya nusu ya mitaa ina kikomo hicho, ilimaliza mwaka mzima kuanzia Julai 2024 bila mtu hata mmoja kufa barabarani.

Hasara ya muda inaweza kupigwa hesabu na mtu yeyote. Kilomita moja kwa mwendo wa 50 ni sekunde 72, kwa 30 ni sekunde 120. Kwa kuwa mitaa ya makazi ni mwanzo na mwisho tu wa safari, dereva hapotezi hata dakika moja na nusu, na mara nyingi muda huo huo angeupoteza akisubiri kwenye taa za mbele. Lakini tusijidanganye kuwa siasa yake ni nyepesi. Wales ilipofanya maili 20 kuwa kikomo cha kawaida kwenye barabara za makazi Septemba 2023, ombi la kuipinga sheria hiyo lilikusanya zaidi ya sahihi 400,000. Majeruhi kwenye barabara hizo walipungua, na bado serikali ikalazimika kuzirudia baadhi ya barabara kuangalia kama zilistahili kikomo hicho. Funzo ninaloliona hapo ni kwamba kibao peke yake huwaudhi watu bila kuwabadilisha. Barabara iliyonyooka, pana kama uwanja, inamwambia dereva akanyage mafuta, halafu kibao kinamwambia apunguze, ataisikiliza barabara. Ikibanwa upana, ikiwekwa matuta yenye mteremko mzuri, ikipandwa miti kando, dereva atapunguza mwenyewe bila hata kukisoma kibao.

Sasa makutano. Hapa nataka tukae kidogo, kwa sababu ndipo watu wanapoumia na ndipo wahandisi wengi wanapokata tamaa.

Mtazame msichana wa miaka kumi na miwili anayeikaribia barabara kuu kwa njia ya baiskeli iliyochorwa kwa rangi pembeni ya lami. Mita arobaini kabla ya taa, mstari unakatika, kwa sababu mhandisi alihitaji nafasi ya kuongeza njia ya magari yanayokata kona. Msichana anajikuta katikati ya mikondo miwili: magari yanayonyooka upande mmoja na yanayokata kona upande mwingine. Akichelewa, wa nyuma anapiga honi. Akijibana pembeni, lori linalokata kona linamzunguka, na magurudumu ya nyuma ya lori hayafuati njia ya magurudumu ya mbele. Yanapita ndani zaidi, pale pale aliposimama. Dereva wa lori hamwoni kwenye kioo cha pembeni. Hakukosea sheria yoyote msichana huyu, wala pengine dereva. Kifo chake, kikitokea, kitaandikwa kuwa ajali.

Waholanzi walilitatua jambo hili zamani kwa mchoro ambao sasa umeanza kusambaa. Kwenye kila pembe ya makutano huwekwa kisiwa kidogo cha zege. Kisiwa hicho kinafanya kazi tatu kwa mpigo. Kinamlazimisha dereva apinde kwa kona kali, hivyo apunguze mwendo. Kinampa mwenye baiskeli mahali pa kusubiri mbele ya magari, mahali ambapo dereva anamwona bila kugeuza shingo. Na kinausogeza mstari wa kuvukia nyuma kwa urefu wa kama gari moja, kiasi kwamba gari likishapinda linakutana na baiskeli uso kwa uso, lina nafasi ya kusimama, na halizuii walio nyuma. Ongeza hapo taa ya kijani ya baiskeli inayowaka sekunde chache kabla ya ile ya magari, na hatari kubwa imeondoka. Mji wa Davis, California, uliochora njia za kwanza za baiskeli nchini Marekani mwaka 1967, ulijenga makutano ya aina hii mwaka 2015 tu. Karibu nusu karne ilipita kati ya kuchora mstari na kumlinda mtu mahali mstari unapokatika. Ni mfano mzuri wa jinsi fikra za kilomita zinavyochelewesha kazi yenyewe.

Mizunguko ya barabarani nayo ina mambo yake. Mzunguko mdogo wa njia moja unapunguza ajali mbaya, lakini ule mkubwa wa njia mbili au tatu, unaopendwa sana viungani kwa sababu unameza magari mengi, ni mahali pabaya kuliko pote kwa baiskeli. Kuchora njia ya baiskeli ndani ya mzunguko, ukingoni, ni kosa linalojulikana: dereva anayetoka anaikata moja kwa moja. Njia izunguke nje, ikate kila mkono wa barabara kwa kivuko chake.

Nani hasa tunamjengea? Mwaka 2006 Roger Geller, aliyekuwa mratibu wa baiskeli wa mji wa Portland, Marekani, aliwagawa wakazi katika makundi manne. Wasioogopa chochote, wanaoendesha hata katikati ya malori, aliwakadiria kuwa hawafiki asilimia moja. Wenye hamu na ujasiri wa kutosha walikuwa kama asilimia saba. Theluthi hivi hawataki kabisa. Waliobaki, kama asilimia 60, wangependa kuendesha lakini wanaogopa. Yalikuwa makadirio ya mtu aliyezoea kazi yake, na tafiti zilizofuata hazikwenda mbali nayo. Kwa kiunga, hesabu hiyo inasema kuwa mstari wa rangi kando ya barabara ya kilomita 60 kwa saa umejengewa kundi ambalo lingeendesha hata bila mstari. Wale asilimia 60 wanataka ukingo wa zege, au angalau nguzo na nafasi, kati yao na magari.

Nafasi hiyo itatoka wapi? Ndilo swali linalorushwa kila mkutano wa wakazi, kwa kawaida na mtu anayeamini kuwa halina jibu. Viungani lina jibu kuliko mahali pengine popote, kwa sababu barabara zake zilichorwa kwa ukarimu uliopitiliza. Njia ya magari ya mita 3.6 ni kipimo cha barabara za mwendo mkubwa. Kwa barabara ya makazi mita 3 zinatosha. Barabara ya njia nne ikipunguzwa sentimeta 60 kila njia, zimepatikana mita 2.4 bila kuondoa hata njia moja ya magari. Kuna hatua kubwa zaidi: kuigeuza barabara ya njia nne kuwa ya njia tatu, moja kila upande na moja ya katikati kwa wanaokata kona. Mamlaka ya barabara kuu ya Marekani inasema mabadiliko hayo hupunguza ajali za aina zote kwa asilimia 19 hadi 47. Madereva wenyewe hufaidika, kwa sababu gari linalosubiri kukata kona halimzuii tena aliye nyuma, na hakuna wa kuovateki kwa fujo. Inafaa kwa barabara yenye magari hadi takriban 20,000 kwa siku. Zaidi ya hapo pima kwanza.

Maegesho ni habari nyingine, na hapo ugomvi huwa mkali. Wenye maduka huamini wateja wao wote wanakuja na gari. Walipoulizwa kwa utafiti katika miji kama Graz, Austria, na Bristol, Uingereza, walikadiria idadi ya wateja wa magari kuwa kubwa kuliko ilivyokuwa. Hata hivyo sikubaliani na wanaharakati wanaolidharau suala hili. Fundi mwenye gari lenye vifaa anahitaji mahali pa kusimama, na mgonjwa anahitaji kushushwa mlangoni. Nafasi za kupakia na kushusha ziwekwe kwanza, kisha njia ya baiskeli, na gari la kuegeshwa kutwa nzima litafute pengine. Maegesho yakibaki, njia ya baiskeli iwe upande wa ndani, kati ya magari yaliyoegeshwa na watembea kwa miguu, ikiwa na nafasi ya mlango kufunguka. Njia iliyochorwa upande wa nje, kifuani pa milango ya magari, inamfundisha mwendesha baiskeli apite mahali ambapo mlango mmoja ukifunguliwa ghafla utamrusha kwenye magurudumu ya gari linalopita.

Njia ya kuchangia na watembea kwa miguu, ambayo viunga vingi huikimbilia kwa sababu haigusi lami, inafaa mahali pasipo na watu wengi na pasipo na milango ya nyumba. Mbele ya nyumba haifai. Gari linatoka kinyumenyume uani, ua wa miti umefika kimo cha mtu, na dereva anaona barabara wakati nyuma ya gari lake imeshaifunga njia yote.

Historia inatufundisha juu ya mtandao kuliko juu ya aina ya lami. Uholanzi haikuzaliwa na baiskeli hivi tunavyoiona. Mwaka 1971 barabara zake ziliua zaidi ya watu 3,000, na zaidi ya 400 kati yao walikuwa watoto. Wazazi waliingia barabarani kwa kauli iliyokuwa wazi kupita kiasi, "Stop de Kindermoord", acheni mauaji ya watoto. Katikati ya miaka ya 1970 serikali ikagharamia majaribio Tilburg na The Hague: kila mji ulijengewa njia moja ya baiskeli ya hali ya juu, pana, yenye kinga. Watu waliipenda. Waendeshaji wengi walihama mitaa ya jirani wakaja kuitumia, lakini idadi ya wanaoendesha mjini kwa jumla haikupanda kama ilivyotarajiwa. Miaka ya 1980 Delft ilijaribu kitu kingine. Badala ya njia moja ya fahari, iliziba mapengo madogo mengi, daraja hapa, njia ya chini ya barabara pale, mpaka mji mzima ukaunganika. Hapo matumizi ya baiskeli yakaongezeka. Seville, Hispania, ilijifunza hivyo hivyo: ikajenga karibu kilomita 80 za njia zenye kinga mwaka 2006 na 2007, zote zikiungana tangu siku ya kwanza, na safari za baiskeli, zilizokuwa chache mno kutajwa, zikaongezeka mara kadhaa katika miaka michache.

Lakini kuna mfano unaonisumbua, na anayetetea baiskeli bila kuujua hajajiandaa. Stevenage, mji mpya wa Uingereza ulioteuliwa mwaka 1946, ulijengewa mtandao wa baiskeli uliotengwa kabisa na magari. Mhandisi wake, Eric Claxton, mwenyewe alikuwa mwendesha baiskeli. Njia zilikuwa pana, zilipita chini ya mizunguko yote mikubwa, hazikukatika popote. Kwa kipimo changu hicho hicho cha makutano, Stevenage ingepata alama zote. Na watu hawakuendesha. Waliendesha magari, kwa sababu barabara za magari nazo zilijengwa vizuri mno: hakuna foleni, maegesho tele, safari fupi mlango kwa mlango. Usalama ulikuwepo, sababu ya kuchagua baiskeli haikuwepo.

Jibu la Stevenage liko Houten, karibu na Utrecht huko Uholanzi, kijiji kilichokuzwa kuanzia miaka ya 1970 hadi kufikia watu wapatao 50,000. Ni kiunga hasa: nyumba za familia, bustani, watu wanaokwenda kazini mji wa jirani kwa treni. Mitaa yake ya makazi imezungukwa na barabara ya mzingo. Gari likitaka kutoka mtaa mmoja kwenda mwingine linatoka nje hadi kwenye mzingo, linazunguka, linaingia tena. Baiskeli inakata katikati moja kwa moja, inapita shule na bustani, inafika kituo cha treni. Hakuna aliyekatazwa gari, kila mlango unafikika. Ila kwa safari ya kilomita moja na nusu, baiskeli inafika kwanza. Groningen, mji mwingine wa Uholanzi, ilikuwa imefanya jambo la ukoo huo huo mwaka 1977, ilipoigawa sehemu ya katikati ya mji katika sehemu nne ambazo gari haliwezi kuvuka kutoka moja kwenda nyingine bila kurudi kwenye mzingo.

Ajabu ni kwamba kiunga cha kawaida tayari kina nusu ya Houten. Mitaa yake isiyopenya tayari inalizungusha gari. Kilichosahauliwa ni kumruhusu mtu wa baiskeli apenye. Ndiyo maana nilianza na uchochoro wa mita tatu kabla ya njia yoyote ya zege. Na pale ambapo barabara ya ndani ya makazi imegeuzwa njia ya mkato ya madereva wanaokwepa foleni, nguzo tatu katikati yake, zinazoweza kufunguliwa na zimamoto, zinafanya kazi ambayo kilomita nzima ya njia ya baiskeli haitaifanya. Magari ya dharura huletwa sana kwenye ubishi huu. Ni hoja ya kweli inayotatulika mezani, pamoja na zimamoto wenyewe, kabla ya nguzo kuchimbiwa. Na njia ya baiskeli ya pande mbili yenye upana wa mita tatu ambulansi hupita wakati barabara ya pembeni imefungwa na foleni.

Kofia ngumu na viakisi mwanga nimevichelewesha makusudi. Vaeni, kofia hupunguza majeraha ya kichwa mtu akianguka. Lakini kampeni ya kofia ndiyo kitu rahisi kuliko vyote kwa halmashauri isiyotaka kugusa barabara. Victoria, Australia, ilikuwa ya kwanza duniani kuifanya lazima mwaka 1990. Uholanzi wanaovaa kwa safari za kawaida ni wachache, na bado kwa kila kilomita inayoendeshwa ni miongoni mwa nchi salama zaidi kwa baiskeli. Kofia haikutengenezwa kuhimili lori. Vivyo hivyo na lawama kwamba waendesha baiskeli hawafuati taa. Baadhi hawafuati, wakamatwe. Ila ukisimama kwenye makutano ambayo taa yake haiitambui baiskeli, kwa sababu kihisi kilichofukiwa chini ya lami kimepangwa kushtuka kwa gari tu, utaelewa kwa nini mtu aliyesubiri mizunguko miwili ya taa anaamua kuvuka.

Halafu kuna mambo madogo yasiyopata picha ya uzinduzi. Mifuniko ya mitaro yenye nondo zinazolala sambamba na barabara humeza gurudumu jembamba. Zigeuzwe, nondo zikate barabara. Vipande vya chupa na kokoto husukumwa na magari hadi kwenye njia ya baiskeli, na gari la kufagia halipiti humo kwa sababu ni pana kuliko njia. Anayenunua nguzo za kutenganisha njia anunue na mashine nyembamba ya kufagia mwaka huo huo. Oulu, kaskazini mwa Finland, watu huendesha katikati ya theluji msimu wote wa baridi, na sababu kubwa ni kwamba njia za baiskeli husafishwa mapema asubuhi kabla watu hawajatoka. Upana nao ufikiriwe upya sasa hivi. Baiskeli za umeme, ambazo Ulaya injini yake husaidia hadi kilomita 25 kwa saa, zinampita mtoto na mzee kwenye njia ile ile. Mita moja na nusu iliyotosha zamani haimpi mtu nafasi ya kupita bila kumgusa mwenzake; mita mbili kwa upande mmoja ndicho kiwango cha chini ninachoweza kukitetea.

Ningekuwa na sauti kwenye kamati ya mipango ya kiunga, nisingeomba mpango mkuu wa miaka ishirini. Ningeomba shule moja. Ichorewe duara la kilomita tatu, ambazo kwa baiskeli ni kama dakika kumi na mbili. Ndani ya duara hilo wapite watu watatu, mhandisi, mzazi na mtoto, waorodheshe kila mahali ambapo mtoto anashuka kwenye baiskeli kwa woga. Kwa kawaida mahali hapo huwa ni pachache: makutano mawili matatu, mzunguko mmoja, daraja la reli, ukuta uliokosa mlango. Vyote vitengenezwe ndani ya kipindi kimoja cha madiwani, kwa nguzo za kufunga kwa bolti na rangi kwanza, ili kama kona imekosewa isogezwe wiki inayofuata kabla ya kumwaga zege. Waanze na pagumu kuliko pote. Wakianza na bustani kwa kuwa ni rahisi, fedha zitaishia bustanini.

Na kuhesabu kufanyike ipasavyo. Hoja ya "hakuna anayeendesha hapa" hutegemea hesabu iliyofanywa kwenye barabara kuu, siku ya kazi, saa ya madereva, mahali ambapo ni wachache mno wangethubutu kupita. Wahesabuji wakae kwenye lango la shule na kwenye maegesho ya baiskeli ya kituo cha treni, kabla ya kazi kuanza na mwaka mmoja baada ya kwisha, na waandike umri na jinsia kwa kukadiria. Ikiwa walioongezeka ni wanaume vijana peke yao, kuna mahali bado hapajatengenezwa, na orodha ya mhandisi, mzazi na mtoto irudiwe.